Karani Aliyekataa Kuongeza Mstari

Hakuwa anafungua Zaburi kabla ya kututoa nje kwanza.

"Tokeni," alikuwa akisema, bado amesimama mlangoni na kofia yake kichwani. "Biblia ziacheni hapo kwa benchi. Hazina miguu, hazitatoroka."

Nasi tulitoka, watu wazima kumi na kitu, wauza mitumba, mafundi, mama wa nyumbani na mimi mwalimu wa darasa la nne, tukasimama nyuma ya kanisa letu la mabati pale mtaa wa Rhonda, Nakuru, kati ya tanki la maji na ua wa jirani, kama watoto wa shule waliochelewa. Alitupitia kwa macho mmoja mmoja.

"Sasa angalieni. Mkiona kitu, niambieni mmeona nini. Msiniambie maana yake. Maana itakuja yenyewe, haina haraka."

Sote tulimwita Karani, hata pasta. Ndiye aliyeandika vitabu vya kanisa: nani amebatizwa, nani ameoa, nani amezikwa. Kabla ya kustaafu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha unga mjini, akipokea na kukagua ngano. Jumamosi saa tisa alasiri alifundisha darasa la Zaburi. Sijui alipewa ruhusa na nani. Nadhani hakuomba.

Jumamosi yangu ya kwanza kwake nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani. Tulikuwa tumemzika binti yetu miezi miwili kabla, mtoto wa miaka mitatu na nusu, homa ya siku nne. Karani alitutoa nje. Juu ya paa za Rhonda, upande wa ziwani, kundi la ndege wakubwa weupe lilikuwa linazunguka bila kupiga bawa, likipanda polepole kama moshi wa jiko siku isiyo na upepo.

"Hao mnawaita nini?" akauliza.

"Flamingo," mtu akajibu.

"Flamingo ni wekundu, wewe. Umeishi Nakuru miaka mingapi?" Akatikisa kichwa. "Hao ni mwari. Wako ndani ya Zaburi. Kuna mtu huko anasema amekuwa kama mwari wa jangwani."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi, na sauti yenyewe ilinishtua. "Karani," nikasema, "kwetu kwa Kikuyu mwari ni binti. Mimi tangu utotoni nasoma hapo nikidhani ni binti wa jangwani."

Watu walicheka pamoja nami. Yeye hakucheka. Alikuwa ameliandika jina la binti yangu mara mbili kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kitabu cha ubatizo na kwenye kitabu cha mazishi.

"Hata hiyo si mbaya," akasema taratibu. "Hiyo pia iweke. Lakini angalia juu. Wako wangapi?"

"Kama arobaini."

"Umewahi kuona mwari mmoja peke yake?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Hawa wanakula pamoja, wanaruka pamoja, wanalala pamoja. Sasa huyo mtu anasema yeye ni mwari, na yuko jangwani. Hakuna maji. Hakuna samaki. Hakuna mwenzake hata mmoja. Hakusema ana huzuni. Angesema ana huzuni, tungempa pole na tuende zetu."

Nilirudi ndani nikaketi. Tangu msiba ule watu walikuwa wamenipa pole nyingi sana, kisha wakaenda zao. Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Alikuwa na imani moja ambayo hakuwahi kuitetea kwa hoja, aliitembea tu: kwamba kila picha iliyomo ndani ya Zaburi inaweza kuonekana kwa macho kutoka Nakuru, ukiwa tayari kuchafua viatu. Jabali la kukimbilia tulikwenda kuliona Menengai, tukasimama ukingoni mwa shimo lile kubwa la volkeno, upepo ukitaka kutuvua mitandio, na akatuamuru tuweke mgongo kwenye mwamba na tufunge macho. "Sukumeni," akasema. Tukasukuma. "Imesonga?" Mwamba haukusonga. "Basi. Twendeni nyumbani." Hilo ndilo lilikuwa somo zima la siku ile, na mama mmoja aliyekuwa ametembea na goti bovu alinung'unika njia nzima mpaka barabarani. Lakini mwaka uliofuata mama huyohuyo alipofiwa na mumewe, alinishika mkono matangani akaniambia, "Mwalimu, ule mwamba. Bado nausikia mgongoni."

Makapi alituonyesha Njoro, kwa mkulima aliyefahamiana naye tangu enzi za kiwandani. Mashine zilikuwa zimemaliza mashamba makubwa. Kwenye kipande kilichobaki pembeni, wanawake wawili walikuwa wakipepeta ngano kwa ungo. Karani alitupanga upande wa chini ya upepo, tukadhani ni bahati mbaya. Makapi yakatujia usoni, yakatuingia shingoni, masikioni, ndani ya nguo. Tulijikuna mpaka jioni.

"Mhubiri anakwambia makapi hayana kitu," alisema, naye akijikuna. "Ni ukweli, hayana uzito. Lakini mtu mwovu si kwamba hasumbui. Anasumbua sana. Ila hakai. Utaoga, atatoka." Kisha akachukua punje moja, akaing'ata kwa jino la pembeni kama alivyokuwa akifanya kazini, akasikiliza mlio wake. "Hii imekauka vizuri," akasema kwa furaha ya kweli kabisa, na kwa nusu saa akasahau kabisa habari za Zaburi, akawa anazungumza na mkulima juu ya ngano tu.

Kuhusu utungo wenyewe hakutumia maneno ya vyuoni. Alisema mstari wa Zaburi una miguu miwili kama mtu. Mguu wa kwanza unakanyaga, wa pili unakanyaga karibu na hapo, si palepale. "Ukikanyaga palepale, hauendi mahali. Ukiruka mbali, unaanguka." Alitutembeza uani tukisoma kwa hatua, kushoto na kulia, na majirani walikuja kuchungulia juu ya ua wakidhani tumeanzisha dhehebu jipya. Nimefundisha ushairi darasani miaka kadhaa sasa, na sijapata njia bora ya kuwaeleza watoto kwa nini mshairi husema jambo moja mara mbili.

Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa mwepesi wa hasira, na alijua kuaibisha. Aliyefika amechelewa aliulizwa mbele ya wote kama saa yake ilitengenezwa Naivasha. Aliyesoma kwa sauti ya kuhubiri alinyamazishwa: "Soma kama mtu ameumwa na jino, si kama mtu anauza dawa ya jino." Mimi nilifukuzwa darasani mara moja kwa kusema kwamba kulungu mwenye kiu ni mfano wa mwanadamu. "Toka nje," akaniambia. "Kaa huko mpaka ukumbuke kwamba kwanza ni kulungu." Nilikaa nje, nimekasirika, jua linanichoma, mpaka nilipohisi kiu. Ndipo akatoka mwenyewe na kikombe cha maji, akanipa.

Hakujua kuimba. Mtu aliyependa nyimbo hizi kuliko wote hakuweza kushika sauti hata moja. Kwaya walimwomba kwa adabu asikae karibu na kipaza sauti. Aliogopa mbwa. Alijivunia mwandiko wake kuliko inavyomfaa Mkristo. Na aliwachukia kondoo.

Hili la kondoo liliwachanganya wengi. Ile Zaburi ambayo kila mtoto anaijua, ya mchungaji na majani mabichi, hakuifundisha. Kwenye mazishi ilipoanza kusomwa alitazama viatu vyake. Siku moja kijana wa bodaboda aliyekuwa darasani, mtu wa maneno mengi, alimuuliza wazi.

"Mzee, mbona hiyo ya kondoo unairuka kila siku?"

"Kwa sababu kondoo ni mjinga. Nimeishi karibu nao. Mmoja akiingia kwa shimo, wote wanaingia. Mimi sijakubali kuitwa kondoo."

"Lakini Daudi amekubali."

"Daudi aliwachunga. Mtu akichunga kitu atakipenda. Mimi nilichunga ngano."

Tulimshinda kwa kura, jambo la pekee tulilowahi kumshinda, tukaenda Molo kuona kondoo. Alikuja amevaa kofia yake nzuri na uso wa mtu anayepelekwa hospitali. Malishoni tulikuta jike moja nene limelala chali, miguu juu, haliwezi kugeuka. Lilikuwa limetulia kabisa, halilii. Mama mwenye kondoo alikuja mbio, akaliinua, akalibana katikati ya magoti yake, akaanza kulisugua miguu kwa viganja.

"Ukiliacha tu sasa hivi litaanguka tena," alitueleza huku akihema. "Miguu imekufa ganzi. Lazima umshike mpaka damu irudi. Saa zingine ni muda mrefu."

"Na kama haungekuja?" Karani akauliza.

"Angekufa hivyohivyo, akiangalia juu."

Karani alikaa pale muda wote mama yule alipokuwa akisugua. Hatukusikia somo siku ile. Njiani nilimuuliza kama amebadili mawazo. "Kondoo bado ni mjinga," akasema. Lakini alisema polepole, na kwenye mazishi yaliyofuata hakutazama viatu vyake.

Yule kijana wa bodaboda ndiye aliyemletea mtihani mgumu. Pikipiki yake iliibwa na watu aliowajua, na akagundua zile Zaburi za hasira, zinazomwomba Mungu awavunje adui meno. Alizisoma kwa sauti kubwa darasani, na baadhi ya akina mama wakasema zisisomwe, si za Kikristo.

"Soma mpaka mwisho," Karani akamwambia. "Tena simama."

Kijana alisoma, shingo imemvimba. Alipomaliza akafunga kitabu.

"Umesikia vizuri?" Karani akamuuliza. "Umemwambia Mungu avunje hayo meno. Umempa kazi. Sasa hiyo nyundo nimesikia uko nayo kwa nyumba, unaihitaji ya nini?"

Sijui alijuaje habari za nyundo. Rhonda hakuna siri. Jumamosi iliyofuata kijana aliileta, akaiweka mezani, na nyundo hiyo ilitumika kupigilia misumari paa la kanisa lililokuwa likivuja.

Nami sasa nifike kwenye langu.

Karani hakuwahi kunifariji. Wengine wote walinifariji. Waliniambia Mungu hakosei, waliniambia nina bahati bado kijana, nitapata mwingine. Mume wangu, ambaye ni fundi wa magari na mtu wa maneno machache, alikuwa ameacha kuongea karibu kabisa. Tuliishi nyumba moja kama wapangaji wawili. Jumamosi moja watu walipokwisha kutoka, Karani alinifungulia Zaburi ya themanini na nane, akaniachia. Niliisoma nikisubiri igeuke, kwa maana Zaburi za kilio zote nilizozijua hugeuka mwishoni, mtu hufuta machozi akasifu. Hii haikugeuka. Ilimalizikia gizani.

"Imekatwa?" nikamuuliza.

"Haikukatwa. Iko hivyo." Alikaa benchi la mbele yangu, akanigeukia. "Mwalimu, hao waliokusanya hivi vitabu hawakuwa wajinga. Wangeweza kuitoa. Wangeweza kuongeza maneno mawili matamu. Waliiacha hivyo kwa sababu walijua kuna watu watakuja kuihitaji." Akanisukumia karatasi na biro. "Andika yako. Usiandike unayojua mimi ninataka kusikia."

Ilinichukua wiki tano. Nilipompelekea aliisoma ameishika wima mbele ya macho yake, akarekebisha tahajia ya neno moja, akanirudishia. Siku zile alikuwa ametupa sote darasani kazi ya kutunga zaburi zetu, na Jumapili moja ilikuwa imetengwa tusome tulizotunga mbele ya kanisa.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alitaka kuziona kwanza. Ni mtu mwema, naomba hilo lieleweke. Siku ya msiba wetu alisimama nasi kaburini mvua ikimnyeshea. Alikuja darasani na karatasi yangu mkononi.

"Mwalimu, imeandikwa vizuri sana. Lakini inaishia pabaya. Watu watarudi nyumbani na hiyo giza. Wewe ongeza tu mstari mmoja hapa chini. Sema, lakini bado nitakusifu. Basi, imeisha."

Nilikuwa tayari. Nilikwisha kunyoosha mkono kuchukua biro. Mtu aliyefiwa huchoka kubishana. Karani aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Amesema atasifu?" akamuuliza mwenyekiti.

"Karani, ni mstari mmoja."

"Nimeuliza, amesema?"

"Hajasema."

"Basi haiwezi kuandikwa. Mimi ni karani. Naandika kile mtu amesema. Nikianza kuandika kile tungependa aseme, hata vile vitabu vya ubatizo hapo kabatini ni takataka."

"Unanifundisha kazi ya kanisa mbele ya watu?"

"Nakufundisha kusoma," Karani akasema, na hapo alikosea, na nadhani alijua palepale kwamba amekosea, lakini neno lilikwisha kumtoka.

Jambo lilifika kwa pasta, aliyekuwa na makanisa manne na kwetu alifika mara moja kwa mwezi. Alisikiliza pande zote mbili, akasoma karatasi yangu mara mbili, akatoa uamuzi ambao mpaka leo nauona wa haki, ingawa uliuma. Mwalimu atasoma kama alivyoandika. Na Karani, kwa kumdharau mzee mwenzake hadharani, ataacha ukarani. Karani alitoa ufunguo wa kabati mfukoni, akaufuta kwa leso kana kwamba una vumbi, akauweka mezani. Miaka ishirini na mitatu alikuwa nao.

Jumapili ile nilisoma mimi wa mwisho. Nakumbuka yote, lakini nitaandika kipande tu.

*Nilikuita jikoni, maziwa yakifurika motoni;
nilikuita kwenye foleni ya hospitali, kadi mkononi.
Ulinipa koti dogo jekundu, leo limening'inia msumarini;
ulinipa jina la kuita, leo linanirudia kutoka ukutani.
Majirani wananiambia wewe unajua;
basi kama unajua, niambie.
Jiko limezimika;
nimekaa palepale uliponiacha.*

Nilipomaliza hakuna aliyesema amina. Mpiga kinanda aliweka vidole juu ya vitufe, akavitoa tena. Kwenye kiti cha mbele alikaa bibi mmoja ambaye kanisa zima lilijua amewazika watoto wanne na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiwataja. Aligonga sakafu na mkongojo.

"Soma tena," akasema.

Nilianza kusoma tena, sauti ikanikatika kwenye lile koti. Ndipo nikasikia viatu vikija kutoka nyuma, upande wa wanaume. Alikuwa mume wangu. Alisimama kando yangu, akanishikia karatasi upande mmoja kwa kidole chenye doa la oili, na machozi yanamtoka wazi bila kujificha, akasoma mistari iliyobaki pamoja nami. Yeye si msomaji mzuri. Alisoma kama mtoto, neno kwa neno. Siku ile tulirudi nyumbani tukiongea njia nzima, na tukaendelea kuongea baada ya hapo.

Mwenyekiti hakuwahi kusema kwamba alikosea. Lakini tangu Jumapili ile sijamsikia akimwambia mfiwa yeyote anyamaze. Na miezi mingi baadaye, asubuhi moja ya kawaida nikimimina uji, mstari wa sifa ulinijia wenyewe. Niliuandika nikampelekea Karani. Aliusoma, akakunja karatasi mara mbili.

"Huu ni wako," akasema. "Ule mwingine ulikuwa wa mwenyekiti."

Nisidanganye kwamba kuacha ukarani hakukumuuma. Kulimuuma sana. Darasa tulilihamishia kwenye chumba changu cha shule, na huko kila Jumamosi alikuwa na neno juu ya mwandiko wa karani mpya. "Umeona hiyo 's' yake? Kama mnyoo." Alikataa kwenda kusuluhishwa na mwenyekiti kwa karibu mwaka mzima, yeye aliyemfanya kijana asalimishe nyundo. Nilipomkumbusha hilo alinijibu, "Nyundo ilikuwa rahisi." Hatimaye alikwenda, akiwa amebeba lita mbili za maziwa, wakanywa chai, na hakuna aliyejua walisema nini.

Miaka mitatu iliyopita alihamia Kuresoi kwa binti yake aliyeolewa huko, na sisi tukahamia Njoro. Tulipigiana simu. Kisha simu zikakatika, na mwezi wa nne mwaka huu binti yake akanipigia kuniambia baba amepatwa na kiharusi.

"Yuko sawa, anakula, anatembea na fimbo," akasema. "Lakini Kiswahili kilimtoka, Mwalimu. Chote. Amebaki na Kiluhya chetu cha nyumbani, na hata hicho ni kidogo. Nakwambia mapema ndiyo usishtuke."

Nilifika saa nne asubuhi, ukungu haujamaliza kuondoka mashambani. Nilikuwa na mtoto wetu wa pili, msichana wa miaka miwili, na viatu vyake vilikuwa vimejaa matope kabla hatujafika mlangoni. Karani alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini, uso umelegea upande mmoja. Binti yake, mama mrefu mwenye viatu vya gambuti, alikuwa akimenya viazi kando yake. Karani aliponiona, macho yake yaling'aa, mdomo ukafunguka, na hakuna kilichotoka. Alipiga ngumi ndogo kwenye mkono wa kiti.

"Anakusikia," binti yake akasema. "Kusikia anasikia kila kitu. Ni kusema tu."

Niliogopa, sitaficha. Sikujua la kufanya na mtu yule asipokuwa na maneno. Nikafungua Biblia nikaanza kumsomea ile Zaburi ndefu inayotaja viumbe: chemchemi zinazopita mabondeni, punda mwitu, ndege kwenye matawi, ng'ombe na majani yao. Mtoto alinivuta sketi, nikaruka mstari. Mkono wa kushoto wa Karani ukagonga kiti mara mbili. Nikarudi nikausoma. Nikaendelea mpaka nilipofika kwenye wibari, wale pimbi, na majabali yao, na hapo akainua kiganja, nikanyamaza.

Akaanza kusema. Kwa Kiluhya, polepole, kwa sauti nzito iliyokwaruza, akisimama katikati ya maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mimi sikuelewa hata moja. Nilimwona tu akitazama kitu, kisha anasema, kisha anatazama kingine. Binti yake aliacha kumenya. Kisu kilibaki mkononi na ganda limening'inia.

"Anasema nini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Anataja vitu."

"Vitu gani?"

"Vya hapa." Alifuata macho ya baba yake. "Ng'ombe, yule mkaidi. Ukungu. Tanki. Viazi, hadi vile vilioza na mvua. Mkono wake wa kushoto. Sasa amenitaja mimi na jina la utotoni. Mwalimu, hilo jina hakuna mtu ameniita tangu mama afe." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na kila kimoja akimaliza anaweka neno fulani. Ni kama asante, lakini ni kubwa kuliko asante. Sijui Kiswahili yake."

Aliendelea. Alitaja kilima cha mbele, mume wa binti yake aliyekuwa shambani, daktari, kiti alichokalia. Alinitazama mimi muda mrefu, akasema maneno ambayo binti yake alianza kunifasiria kisha akaacha, akatikisa kichwa, akatabasamu. Sikumlazimisha.

Kisha macho yake yakashuka chini ya baraza, alikochuchumaa mtoto wangu akichota maji machafu ya viazi kwa ganda na kuyamwaga juu ya kiatu chake mwenyewe, kwa bidii kubwa. Akamgeukia binti yake, akauliza jambo. Lilikuwa swali, hilo nililitambua.

"Anauliza mtoto anaitwa nani," akaniambia. "Anasema hawezi kupita hapo bila kumtaja."

Nikamwambia. Alilijaribu mara moja, ulimi ukakwama. Akalijaribu tena, likatoka. Akaweka lile neno lake mwishoni, kisha akainua macho akatazama kitu kilichofuata.